Konde la Moyo

Saa tisa usiku, Tartu, nyuzi kumi na nane chini ya sufuri.
Nakanda donge la mkate mweusi
na moyo unaruka pigo moja,
kisha unalipa mawili kwa mkupuo
kama mdaiwa aliyeona haya.

Joto linanipanda kifuani, shingoni, masikioni.
Namuuliza Leida: nani kafungua tanuri?
Leida ananitazama.
Tanuri hatujaliwasha.

Daktari wa kwanza alisema ni wasiwasi,
ninywe chai ya mnanaa, nipige moyo konde.
Nikacheka hadi mlangoni:
moyo ndio unaonipiga mimi konde.

Wa pili, Daktari Virve Kuusik,
ana sauti ya mtu anayehesabu chenji.
Alinibandika nyaya, akachomoa karatasi ndefu ya vilima na mabonde,
akauliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa moyo:
hedhi ya mwisho uliipata lini?

Machi, nikasema. Theluji ilikuwa inayeyuka.

Ndipo akanieleza.
Kwamba miaka yote ile ovari zangu,
vitu viwili vya ukubwa wa lozi,
zilikuwa zikituma estrojeni mpaka huku juu,
na moyo una milango inayoitambua;
kwamba iliiambia mishipa: legea, panuka, pitisha.
Kwamba projesteroni nayo, mwezi ukigeuka nusu,
iliyasogeza mapigo karibu karibu kidogo.
Kwamba nilipombeba Taavi
damu yangu iliongezeka karibu nusu yake,
na moyo ukaisukuma yote
bila kudai nyongeza ya mshahara.

Sasa barua zinafika kwa kusuasua.
Wiki hii tatu, wiki ijayo hakuna,
na moyo unakurupuka kwa kila kishindo mlangoni.

“Hujarukwa na akili,” akasema.
“Ila si jambo la kupuuza.
Tutapima shinikizo la damu. Na chumvi, Maimu, punguza.”

Nimepunguza kwenye supu.
Kwenye mkate siwezi, ule ni wa watu.

Pembezoni mwa daftari la oda naandika:
Jumatatu, mikate sitini, shwari.
Jumatano, arobaini, umeruka mara sita.

Leida alilifungua akitafuta hesabu ya hamira.
Akasoma. Akafuta unga kidoleni.
Akachukua kalamu, na chini ya mwandiko wangu,
bila kuinua uso, akaongeza:
wangu, jana, mara nne.