Kilima cha Pili

Siku tatu nilishinda nikipanga shanta:
hema, kurunzi, mikate ya mofa,
hata plasta za malengelenge.
Nguu Tatu, kisha Rabai, kwa miguu.

Kilima cha pili, jiwe likabiringika.
Kifundo kikalia ko,
kama muhogo mkavu.

"Nendeni," nikasema, "nitashuka polepole."
Uongo. Hata kusimama sikuweza.

Mwanasiti akaitoa leso kiunoni,
akanifunga, akakaza kwa meno.
Maandishi yakabaki nusu juu ya uvimbe:
UKINIACHA NJIANI
na mengine yamemezwa na fundo.

Akabeba shanta mbili, mgongoni na kifuani,
nami nimemwegemea bega, hadi Kisauni.

Usiku mkandaji akaja na mafuta ya simsim.
"Fungua hiyo leso," akasema.

Nikamwambia angoje kwanza.