Ugonile

Kwetu Tukuyu hatuulizi habari za asubuhi.
Tunauliza: Ugonile? Umelala?
na jibu linajulikana kabla swali halijatua,
hata kama usiku kucha paa lilikuwa linakuvujia kitandani.

Mdogo wangu Anyitike aliulizwa hivyo siku ya tano
tangu alipofumba macho mara ya mwisho.
Akajibu, Ndaga, mama,
huku anafungua mlango, anafunga,
anafungua,
akihesabu misumari ya bati kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

Alikuwa utingo wa malori ya shaba,
Tunduma hadi Dar, Dar hadi Tunduma.
Dereva ndiye aliyempa kwanza kipande kama chumvi ya mawe:
Hii inakula usingizi, Kitonga utaipanda macho makavu.
Ikala usingizi. Ikala ugali.
Ikala meno mawili ya mbele, ikaanza la tatu,
ikamwachia mikono inayowinda wadudu
chini ya ngozi isiyo na wadudu.

Tulipoanza kutafuta pa kumpeleka,
wa kwanza alituambia ni pepo.
Wa pili alitaka laki nane, na kamba tuje nayo wenyewe.
Mama akauza viazi vikiwa bado ardhini,
tukaenda Mbeya.

Kliniki ina mabango matano, yote kwa Kiswahili.
Mama anasoma picha.
Nesi Nyanzala, mtu wa Maswa, akasema: uraibu.
Nikalitafuta neno hilo kwenye lugha yetu.
Lipo la mlevi, lipo la mwizi, lipo la aliyelogwa,
na yote matatu mama alikwishayasikia kwa majirani.
Mwisho nikamwambia: ni ng'ombe
aliyekamuliwa maziwa ya wiki nzima kwa asubuhi moja.
Chuchu zinatoa damu
na mkamuaji bado kashika ndoo.

Mama akanyamaza. Ng'ombe anawajua.

Dawa yake ipi? akauliza, nami nikavusha swali.
Nesi hakutudanganya.
Wa heroini wana kikombe chao cha kila siku, alisema,
huyu hana kikombe.
Ana chakula, usingizi, mtu wa kuongea naye,
na miezi.

Hilo la miezi nililitafsiri vibaya makusudi. Nikasema wiki.
Mama akanitazama.
Hesabu za Kiswahili anazijua, sokoni anauza kwa lugha gani?
Amesema miezi, akasema.

Siku tatu alilala
mpaka mama akawa anamwekea kiganja puani.
Ya nne akaamka na matusi, akadai viatu.
Ya tisa alitoroka hadi Mwanjelwa,
akarudi mwenyewe jioni, viatu hana.

Nesi akaniomba nimfundishe neno moja tu la kwetu,
la kumuuliza mgonjwa kama amelala.
Nikacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Sasa kila asubuhi anaingia na faili:
Ugonile?
Na Anyitike, aliyelelewa kuitikia tu,
anafikiri kwanza.

Jana alisema: Saa mbili. Labda tatu.
Nesi akaandika.
Mama, pale kwenye benchi, akafungua mdomo kumkemea,
maana salamu haijibiwi hivyo,
akaufunga.
Kisha akauliza yeye, upya,
akasubiri.