Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha udereva Nairobi,
nimekaa kushoto, na breki ya pili chini ya mguu.
Nimeokoa kuku, walinzi,
ukuta mmoja wa kanisa pale Makadara.
Sijawahi kwenda polepole kwa kupenda.
Polepole ilikuwa foleni, au mwanafunzi.

Basi Bosibori wetu, nesi huko Limerick,
akatuma tikiti mbili kwenda Ayalandi,
gari dogo la kukodi, siku kumi na mbili,
na ujumbe wa neno moja: Msiharakishe.
Kwamboka akadaka ufunguo kabla yangu.
"Wewe ndiwe uliyenifundisha," akasema. "Sasa tulia."

Sikutulia.
Barabara za kule ni nyembamba kama ahadi ya diwani,
nyasi zimeota katikati,
huku na huku kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji,
na mguu wangu ukikanyaga, ukikanyaga
sakafu tupu.
"Unatwanga nini huko chini?"

Siku ya tatu nikagundua:
kila dereva tuliyepishana naye aliinua kidole.
Kimoja, cha shahada,
mkono wenyewe haubanduki usukanini.
Nikadhani taa zetu zinawaka bure. Nikadhani gurudumu.
Kumbe ni salamu.
Trekta, kidole. Gari la barua, kidole.
Mwanamke aliyempakata mbwa, kidole.
Kwamboka akaanza kujibu, kwanza kwa mkono mzima
kama mgombea ubunge,
kisha akajifunza kubana matumizi.

Hatukuona mengi.
Wenye haraka wana picha za ngome;
sisi tuna dakika arobaini nyuma ya kondoo
waliopakwa buluu mgongoni,
mvua iliyokuja mara tisa kabla ya chai ya saa nne,
harufu ya udongo mweusi unaochomwa kama kuni,
na sahani yenye viazi vya kuponda, vya kuchemsha na vya kukaanga,
vyote pamoja, hadi Kwamboka akaweka uma chini, akacheka:
hawa watu ni wa Kinangop.

Magharibi zaidi vibao vikabadili lugha.
Pembe tatu ileile niliyoichora ubaoni mara elfu,
ile ya kupisha njia,
iliandikwa GÉILL.
Nóirín, mwenye nyumba tuliyolala, akatutamkia,
tukarudia kama watoto wa chekechea.
"Lugha yetu ilipisha kila mtu," akasema,
"mpaka ikakaribia kuingia mtaroni."
Akamimina chai. "Na nyinyi? Watoto wanasema yenu?"
Kwamboka akatazama ndani ya kikombe.
Bosibori anajua kusalimu, kuomba maji, na tusi moja.
Mguu wangu ukakanyaga zulia.

Siku hizi, Jumapili, nampigia kwa Kigusii.
Anajibu neno moja moja,
kama mtu anayerudi nyuma kwa gari kwenye uchochoro,
akitazama kioo hiki, akitazama kile.
Simharakishi.

Na leo, Barabara ya Jogoo, saa kumi na mbili jioni.
Wekullo, kijana wa benki, somo lake la nne,
jasho limemwingia machoni.
"Mwalimu, anakuja, niende, nisiende?"
"Pisha."
Akapisha.
Nami, sijui nini kilinipata, nikainua kidole
kwa dereva wa lori la mchanga.
Akashusha kioo: "Mzee, nimekukosea nini?"
Wa pili akanipigia honi ndefu.
Wa tatu hakuwa na gari. Alikuwa na mkokoteni,
mitungi ishirini ya maji, mikono yote miwili kazini,
mishipa ya shingo imesimama.
Akainua kidevu.

"Unamjua?" Wekullo akauliza.

"Hapana," nikasema. "Tumepishana tu."