Bomba la Robo Tatu

Ile ya mwanzi ilipasuka Nansio,
ndani ya begi, kati ya spana namba kumi na tatu
na mtungi mdogo wa gesi ya majokofu.
Haikupiga kelele. Niligundua usiku, gesti,
nilipoipuliza ikanijibu pumzi tupu,
kama kibogoyo anayeita kuku.

Jumamosi nikashuka Makoroboi
na elfu kumi na tano, nauli ikiwa humo humo.
Nataka filimbi ya safari, nikasema.
Isiyoogopa spana. Isiyoogopa maji ya mtumbwi.
Isiyoniliza ikiibwa.

Wakanipa ya plastiki, rangi ya maziwa,
ya watoto wa shule za kulipia,
elfu nane, na kitambaa chake cha kufutia.
Nikaijaribu wimbo wa jembe wa mjomba Ng'wandu.
Sauti ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali,
ya nne ikapanda juu, kidogo tu,
kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba
na hakuna wa kumwambia.

Ya pili ya mwanzi, imechorwa twiga.
"Hii watalii wanaipenda sana."
"Wanaipuliza?"
"Wanaitundika."
Twiga akarudi kwenye msumari wake.

Ya tatu ya chuma. Nzuri, siwezi kuisingizia,
baridi mdomoni kama maji ya mtungi.
Elfu arobaini na tano.
Nikairudisha kwa mikono miwili,
kama unavyomrudisha mtoto wa mtu.

Rahisi huwa ghali, wanasema.
Wasemao hawajabakiwa na nauli ya nusu safari.

Nikapita Rwagasore kununua tepu ya maungio,
maana kazi ni kazi,
na kule pembeni mwa duka mabomba yamesimama
kama wanafunzi waliochelewa.
Kashinje, fundi bomba, akanikatia la robo tatu,
kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Mia tano.
"Unaunganisha wapi?"
Nikamwonyesha mdomo.

Alipomaliza kucheka
akaazima moto kwa mchoma mahindi, akapasha msumari.
Nikalaza ile iliyopasuka kando, iwe kipimo.
Tundu la kwanza. La pili. Moshi mchungu wa plastiki.
Kabla ya la tatu akanishika mkono:
"Hivi vipimo ni vya vidole vya nani?"

Vya mjomba. Vya kiganja kilicholima pamba
tangu kabla sijazaliwa.
Na mimi miaka yote nimekivuta kidole cha pete
mpaka kinauma,
nikidhani maumivu ni sehemu ya wimbo.

"Weka vyako. Kama umepumzika."
Nikaviweka. Akatia alama kwa penseli.
Nikamwambia sauti itapanda, tundu limesogea.
Akasema basi tulitoboe dogo, dogo hushusha.
Umejuaje?
"Maji nayo yana sauti. Huwa nayasikiliza ukutani."

Kivukoni mkaguzi alilitoa begini, akalichungulia,
akaniona jicho langu upande wa pili.
"Bomba la nini hili, lina matundu?"
Nikasema linavuja kwa makusudi.
Akanipisha, nadhani kwa kuchoka.

Leo niko zahanati ya Kome.
Jokofu la chanjo nimelirekebisha, sasa linashuka taratibu
kuelekea nyuzi tano, na hilo halina haraka na mtu.
Nimekaa kwenye ngazi. Ziwa limetulia, linanuka dagaa.
Ubavuni mwa filimbi wino wa bluu haujafutika:
MAJI BARIDI TU.

Nikapuliza wimbo wa jembe.
Pale pa nne palipinda, si alivyopinda mjomba,
lakini palipinda kuelekea nyumbani.

Nesi Limi akatoa kichwa dirishani:
"Nani kaacha bomba wazi huko nje?"

Nikaliacha wazi.