Robo Raundi

Injini ilikuja kwa punda, imeviringishwa gunia,
kutoka gatini hadi Wiyoni ikidondosha maji meusi,
na mwenyewe, Bwanaheri wa Kizingitini, nyuma yake
kama anayesindikiza mgonjwa.
"Kifuniko cha gia," akasema. "Boliti moja. Dakika tano."

Fundi Shee hakumjibu.
Alikipangusa kifuniko, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.
Nilikuwa na mwezi wa pili tu gerejini,
sikujua kwamba alumini ya kusubu ina sauti:
ilisukumwa kwa shinikizo, kiwandani, mbali na hapa,
kufumba na kufumbua ikajaza kalibu kila pembe,
ikafungia ndani pumzi ndogo ndogo kama mayai ya sisimizi.
Ndiyo maana haipendi moto.
Ukiichomelea, pumzi zile huamka,
hutafuta njia, na mshono hutoka kama kichila,
vitundu vitupu.

Basi kuna ribiti. Kuna gundi ya vichupa viwili.
Kuna kijiti kilichozaliwa na kifuniko chenyewe,
hubinywa kichwa mpaka kikubali.
Kuna skrubu inayojikatia njia: mara ya kwanza
huingia kama bwana harusi, mara ya nne inacheza.
Hayo niliyajua baadaye.
Siku ile nilijua spana, na mkono wangu.

"Kaza hii," Fundi alisema, akaenda kuswali adhuhuri.

Nikakaza. Ikashika.
Ningeachia hapo.
Lakini Bwanaheri alikuwa ananitazama,
nami nina miaka kumi na saba,
nikaongeza robo raundi.

Sikusikia mlio.
Spana ikawa nyepesi ghafla,
kama mguu gizani unaotafuta kidato kisichokuwepo.
Boliti ikatoka imevaa unga wa fedha:
hesi zote za tundu, zimenyofoka, zimeizingira mwilini.

Fundi alirudi, mikono ya kanzu bado imekunjwa.
Akaipokea boliti, akauvua ule uzi uliokufa,
akaupuliza ukaanguka sakafuni.
Nilingoja kofi. Nilingoja kuambiwa nirudi kwa mama, Langoni.
Akasema, "Ndoo. Shika tochi."

Akalitoboa tundu likawa pana zaidi
(sikujua kama jeraha hutibiwa kwa kuongezwa),
akakata hesi mpya kwa tepu,
nusu mbele, robo nyuma, tone la mafuta ya taa,
nusu mbele, robo nyuma,
akasokotea ndani koili ya waya usioshika kutu
mpaka ikazama kidogo chini ya uso,
akauvunja mkia wake kwa ncha ya msumari. Tik.

"Haya, kaza wewe."

Mkono ulikataa kutulia.
"Vidole viwili," akasema.
"Chuma hukazwa kwa bega. Hii husikilizwa."

Kabla ya boliti ya mwisho aliipaka grisi,
akaivisha washa ya plastiki shingoni.
"Chuma na alumini wakilala pamoja ndani ya chumvi
pasi na kitu kati, mmoja humla mwenziwe.
Na aliwaye ni yule laini."
Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.
"Wake watatu wameniondokea.
Sikuwahi kuuliza nani alikuwa chuma."

Bwanaheri alicheka. Fundi hakucheka.

Saa kumi injini ikarudi kwa punda.
Fundi alilipwa elfu moja na mia tano,
akanikata mimi mia tatu, bei ya koili,
na hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa.

Ule uzi wa fedha niliuokota jioni, nikifagia.
Uko rafuni, ndani ya kopo la maziwa, na washa zisizo na wenzake.
Vijana wanaokuja kujifunza huumwaga kiganjani,
huuliza umetoka kwenye mashine gani.
Huwa nawaambia: robo.
Hawaelewi. Hawajakaza bado.