Nafasi ya Mwambire

Saini yetu pekee ipo dukani kwa Mselem,
daftari la madeni, ukurasa ulioliwa na mende:
Kokoto, nyuzi sita, betri kumi na mbili, tutalipa Ijumaa.
Ijumaa ipi, hatukuandika.
Kampuni haikuja. Alikuja jamaa mmoja wa Mombasa,
miwani ya jua usiku,
akala changu wetu hadi mifupa,
akasema sauti hii kali mno, harusini nani ataitaka?
Akaondoka na kanda.

Miaka kumi na tisa.

Thoya hutengeneza friji huko Barani.
Vidole vilivyokuwa vikipanda shingo ya gitaa kama kima
sasa vyanuka gesi.
Shebwana hupima misumari kwa kilo,
na akijisahau huigonga sahani ya mizani,
taratibu, halafu mbio,
mteja akauliza: Kwani kuna nini?
Hakuna kitu. Imezidi kidogo tu.
Umazi ni mwalimu, darasa la nne, Muyeye;
koo lililopasua spika mbili
lakemea wanaonong'ona nyuma.
Mimi, wa besi, nimeota tumbo,
gitaa limekosa pa kulala.
Na Mwambire yuko Bergamo. Ameoa, ameachwa, anaosha mabasi.
Alituma sauti kwa simu, mafua tele:
Pigeni. Nafasi yangu msimpe mtu.
Iacheni wazi, nami niisikie.

Mazoezi tulifanyia stoo ya saruji.
Mwana wa Thoya alitucheka,
Baba, kumbe nyuzi hununuliwa?
Maana alikwisha simuliwa ya waya wa breki,
wa baiskeli, tuliokaza mpaka ukalia,
na ukikatika, huchinja.
Kovu langu hili hapa, chini ya jicho.
Roki, tulijiita. Jirani aliita mabati yanayoezuliwa.

Jumamosi ikafika.
Hoteli ilifungwa zamani, Wataliano wakaenda na funguo,
bwawa la kuogelea limebaki kavu, vigae vya buluu,
majani ya mkilifi yamejaa kona.
Mlinzi alitaka mia tano na kiti cha mbele.
Tukasimama upande wa kina kifupi,
watu wakashuka ngazi, wakajaa upande wa kuzama.
Arobaini na watatu. Nilihesabu mara mbili,
ya pili kwa hofu.

Shebwana aliingia mapema.
Umazi akapoteza ubeti wa pili, akaurudia wa kwanza
kwa hasira zaidi, kama kwamba ndivyo ulivyotungwa.
Jasho likaniingia machoni, besi ikateleza tumboni,
lakini vigae, wallahi, vigae vilitupenda,
kila tulichotupa vilirudisha maradufu.

Tukafika kwenye "Bei ya Barafu".
Tukafika pale.
Thoya akashusha mkono.
Simu tuliitundika kwenye ngazi ya bwawa, laini wazi,
Bergamo inapumua ndani yake.
Ngoma peke yake. Pengo.
Nilitazama viatu vyangu.

Ndipo mluzi ukatoka juu, ukingoni,
kwa yule mama wa viazi karai.
Miaka ile yote alikaanga nje ya geti letu,
mgongo kwetu, uso kwa wateja,
hakuingia hata siku moja.
Ti-ri-ri, akapanda nao, mwiko ukigonga karai,
akazungusha pale Mwambire alipokuwa akizungusha,
na kwenye mpigo wa sita
akakosea.
Kosa lile lile.
Lile tulilomgombeza Mwambire kila Jumamosi,
lile alilosema si kosa, ni chumvi.
Kalihifadhi na kosa lake, zima.

Thoya alisahau kurudi. Wote tulisahau.
Simu ikakwaruza ngazini:
Nani huyo?
Tukatazamana. Hakuna aliyejua jina lake.
Umazi akainua kichwa amwulize,
naye keshatupa kisogo:
Ngojeni, viazi vinaungua.