Kosa Lisilokaa

Mara ya kwanza ilizimika Mabatini,
katikati ya barabara, saa ya watoto kutoka shule.
Nilipofika na testa mfukoni
ikawaka kwa mguso wa kwanza,
kama mtoto anayenyamaza akifika mlangoni kwa daktari.
"Haina kitu, Mwalimu," nikasema.
Mwalimu Nyamizi akanitazama
kwa jicho alilozoea kutazamia daftari tupu.

Pijo mia tano na nne, nyeupe zamani,
siku hizi rangi ya maziwa yaliyosahauliwa juani.
Nikaanza na betri, ndiyo kawaida:
nikasugua vichwa vyake kwa msasa
hadi unga wa kijani ukaniingia kucha.
Nikapima. Kumi na mbili na nusu. Sawa.
Nikaufuata waya wa ethi hadi kwenye bodi,
nikalegeza nati, nikakuta kutu,
nikafurahi. Kutu ni jibu linaloonekana.
Nikaikwangua, nikakaza, nikapokea elfu tano.

Siku nne baadaye ilizimika mlima wa Bugando,
mbele ya gari la wagonjwa.

Basi ukawa mwezi mzima.
Fyuzi nikaziinua juani moja moja,
rilei nikazigonga kwa mpini wa bisibisi,
dashibodi nikaifunua, nikasoma
miandiko ya mafundi watatu walionitangulia:
wa kwanza alifunga viungo kwa utepe,
wa pili kwa plasta ya kidonda,
wa tatu, Mungu amsamehe, kwa uzi wa nyavu za furu.
Nikavikata vyote, nikachomelea upya kwa risasi.

Nikiendesha mimi, haizimiki.
Nikaipeleka Buhongwa, nikarudi, nikazunguka Igoma,
nikaipitisha mashimoni makusudi,
taa zote, honi, waipa bila mvua,
na Lugwisha, kijana wangu, kajikunja miguuni pa abiria
kashika taa ya majaribio kama mshumaa wa kipaimara.
Haikupepesa.

Jirani mchomelea akaleta ushauri wake wa bure:
gari la marehemu lina mwenyewe.
Nikacheka. Ila jioni ile,
wadudu wa ziwa walipoivamia balbu ya karakana
hadi ikawa kama inapumua,
niliifunga milango ya Pijo yote minne
na nikaangalia mara mbili.

"Mwalimu," nikamwambia, "leo endesha wewe."

Akafungua mkoba.
Hapo ndipo nilipaswa kuona miezi yote ile:
kila alipoliacha gari kwangu
alichomoa ufunguo mmoja, akanikabidhi,
akaondoka na kundi zima.
Sasa likaning'inia chini ya usukani,
kumi na saba, nilizihesabu,
pete nzito kama kengele ya ng'ombe dume.

Reli ya Mkuyuni. Harufu ya sangara, upepo wa ziwa.
Tairi la mbele likapanda chuma,
kundi likayumba kushoto,
taa mkononi mwangu ikafumba.
Kimya.
Nikanyanyua funguo kwa kidole kimoja.
Ikafumbua.
Nikashusha. Ikafumba.
Nikarudia mara tano, si kwa haja, kwa raha tu,
nimesahau kwamba tumesimama juu ya reli.

Wahenga walisema ki nguoni mwako.
Hiki kilikuwa mkononi.

"Za wapi zote hizi?"
"Stoo ya pamba. Alikuwa mtunzaji.
Hii nyumba ya Nansio, tuliiuza.
Hii sanduku la..." Akaigeuza.
"Hii sijui."
Akaishika hiyo kuliko zile anazozijua.

Swichi nikaipata Barabara ya Rwagasore,
si mpya, lakini haijalegea.
"Ufunguo wa gari utembee peke yake," nikaagiza,
nikaona haya, kama niliyeingia chumbani kwa watu.
Akautenga kwa ukucha. Ukucha ukavunjika.

Mwezi wa tatu sasa, haijazimika.
Juzi kaja tena, kasimamisha nje bila kuizima:
kuna kitu, fundi, kinagonga
ndani ya kabati la dashibodi, kila nikipita reli.
Nikasema nakijua.
Nikasema hicho sikitengenezi.